Risasi Mbili Ndani ya Nyumba Moja

1.
 Leo siongelei homa, chanjo wala mtoto anayekataa uji. Leo naongelea bunduki. Ngojeni, msikimbie, haya ni mambo ya nyumbani kabisa.

Mnajua Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili: risasi. Risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu. Na risasi ni ile madini yenyewe, ya kijivu, laini, nzito, unayoweza kuyeyusha na kumimina. Wazee hawakuona haja ya kutenganisha, maana zamani risasi ya bunduki ilikuwa ni kidonge cha risasi, basi.

Hoja yangu ya leo iko hapo hapo. Nyumba yenye mtoto mdogo na hobi ya bunduki za baruti ina risasi mbili za kuogopwa. Watu wengi wanafungia moja. Ile ya pili inalala sebuleni na mtoto.

2.
Kwa wasiojua hobi yenyewe. Hapa Marekani kuna watu wengi wanaokusanya na kupiga shabaha kwa bunduki za kizamani, zile za kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Sisi tunaziita magobore. Likiwa linawashwa kwa cheche ya jiwe, ni gumegume. Likiwa linawashwa kwa kifuniko kidogo cha shaba, hicho kifuniko ndo fataki, kabla neno halijawa jina la mzee anayewatongoza wanafunzi. Ile fimbo ya kushindilia inaitwa mdeki. Maneno yote haya tunayo kwa sababu bunduki za namna hii zilishushwa kwa meli Zanzibar na pwani nzima karne ya 19, zikapanda bara kubadilishwa na pembe za ndovu. Kwa hiyo ukimkuta Mzungu wa Pennsylvania ameshika gumegume, usidhani ni kitu kigeni kwako. Bibi wa bibi yako alilijua.

Chama chao kikubwa kilianzishwa mwaka 1933, na mashindano yake yanafanyika kwenye kijiji kinaitwa Friendship, jimbo la Indiana. Hapa Pennsylvania ninapoishi kuna hata msimu wa kuwinda kulungu baada ya Krismasi kwa gumegume. Na bunduki nyingi wanazotumia si za kale kweli, ni nakala mpya, nyingi zinatengenezwa Italia upande wa Brescia.

3.
Niwe wazi nasema kutoka wapi. Mimi ni nesi, ni mama, na hobi hii nimenogewa nayo. Baba watoto ndiye aliyeanza, mimi nikafuata, na sasa nadhani nampita. Kwa hiyo hii si posti ya kuwaambia waume zenu ni wajinga.

Tena naelewa kabisa kwa nini inanasa. Hii kitu haina haraka. Unapima baruti, unamimina, unaweka kitambaa chenye mafuta, unaweka kidonge, unashindilia kwa mdeki, unaweka fataki, ndo unalenga. Mlio mmoja. Moshi mweupe mzito kama wa kuni mbichi. Halafu unaanza upya. Kwa mtu aliyetoka zamu ya masaa 12 huku simu na mashine zinalia, dakika mbili za kufanya kitu kimoja kwa mikono miwili ni dawa. Na kila bunduki ina hadithi yake, ukishika moja unataka kujua ya pili, ukijua ya pili unataka kuinunua. Ndo maana mtu anaanza na moja, mwaka unaisha anazo sita na kabati halifungi.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kile kinachoifanya iwe tamu ndicho kinachoifanya iwe hatari nyumbani. Bunduki ya kisasa unanunua risasi zake zimeshafungwa kiwandani, ndani ya boksi. Hii ya baruti kila kitu unafanya mwenyewe. Unayeyusha risasi, unamimina vidonge, unapima baruti, unasugua mtutu. Ni kazi ya mikono, na kazi ya mikono inafanyika wapi? Jikoni. Gereji. Kwenye beseni. Pale pale anapotambaa mtoto.

4.
Kitu cha kwanza mume atakachokwambia ni hiki: "Hii siyo bunduki ya kweli, ni antiki. Hata sheria inasema."

Ana haki nusu. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 inaweka kando bunduki zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla, na pia magobore mapya yanayotumia baruti ya kushindilia. Kwa sheria ya shirikisho hazihesabiwi kama silaha nyingine. Ndo maana kwenye majimbo mengi unaagiza moja, inaletwa na gari la vifurushi kama vile umeagiza sufuria, bila mtu kukagua rekodi yako. Kuna majimbo yenye masharti makali zaidi, kwa hiyo angalia la kwako.

Lakini mama, sheria ile inaongelea kuuza na kununua. Haiongelei mwili wa mtoto. Kidonge kilichotoka kwenye gobore ndicho kilichoua maelfu kwa maelfu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Hakikuuliza kama ni antiki.

Tena mimi naona kinyume chake. Kwa kuwa muuzaji halazimiki na sheria hiyo kukupa kufuli wala kukuuliza lolote, basi mzigo wote umehamia kwako. Mlango wa mwisho wa usalama ni mlango wa chumba chako.

5.
Risasi ya kwanza, ile ya mtutu.

Gobore lina tabia moja ambayo bunduki ya kisasa haina: kulitoa likishashindiliwa ni shughuli. Huwezi kuvuta kitu ikadondoka. Kwa hiyo mtu akirudi shabaha au mawindoni hajapiga, anashawishika kutoa fataki tu na kusema "iko salama". Hapana. Kutoa fataki si kutoa baruti. Kilichobaki ndani kinangoja cheche. Nyumbani kwenye mtoto, gobore linaingia likiwa tupu kabisa, au haliingii.

Na baruti nyeusi haiozi upesi kama unga wa ugali. Ikikaa kavu ndani ya mtutu inaweza kukaa miaka na miaka bado ina nguvu. Bunduki za kale zilizorithiwa, zile zinatundikwa ukutani juu ya moto kwa urembo, zimewahi kukutwa zimeshindiliwa tangu enzi za aliyekufa zamani. Mkipewa au mkinunua ya kale, fanyeni hivi: mdeki uingizwe mpaka uishie, uwekwe alama kwenye mdomo wa mtutu, utolewe, ulazwe nje ya mtutu. Kama haufiki karibu na pale moto unapoingilia, kuna kitu ndani. Msijaribu kukichokoa. Msipige kuona kama inafanya kazi. Mpelekeeni fundi wa bunduki anayejua za baruti, na mmwambie kabla hajaishika.

Baruti yenyewe ni shura sehemu 75, makaa 15, salfa 10. Haihitaji mtutu ili iwake. Cheche moja inatosha, hata ikiwa kwenye sahani. Kwa hiyo inakaa kwenye kopo lake la asili, ndani ya sanduku la mbao nene lenye kufuli, mbali na joto, mbali na fataki. Kwa nini mbao? Kwa sababu chuma kilichofungwa bila pa kupumulia, moto ukifika, kinageuka bomu. Na jamani, hakuna baruti jikoni. Wala "kwa leo tu".

6.
Sasa risasi ya pili. Hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Madini ya risasi yakiingia mwilini hayana kazi hata moja ya maana. Mwili unayadhania ni kalsiamu, unayapeleka kwenye mfupa, unayaweka huko miaka. Kwa mtoto yanagusa ubongo unaojengwa: umakini, kujifunza, tabia. Yanagusa pia damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Na mtoto mdogo akimeza risasi, tumbo lake linafyonza mara nne hadi tano kuliko la mtu mzima. Kama ana upungufu wa madini ya chuma, anafyonza zaidi.

Kibaya zaidi, kwa kiasi kidogo huoni kitu. Hana homa, hatapiki, anacheza. Kuna mama wengi wanasema "mwanangu mzima, angekuwa na shida ningeona". Mama, hapa jicho lako halitoshi. Ni damu peke yake inayosema. Hapa Marekani, tangu 2021 CDC inatumia mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu kama kiwango cha kuanza kufuatilia mtoto. Hicho si kiwango salama, ni alama ya kusema simama, tutafute inatoka wapi.

Na tukitafuta inatoka wapi, maswali ya kawaida ni rangi ya nyumba ya kizamani, mabomba, vyungu, baadhi ya viungo na vipodozi. Ni wachache wanaotaja hobi ya baba. Itaje mwenyewe, usisubiri kuulizwa.

7.
Inaingiaje? Nawaonyesha njia zenyewe, mtazitambua.

Kuyeyusha. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 hivi, jiko la kawaida linatosha, na hapo ndo penye mtego. Uchafu unaoelea juu unakorogwa na kuchotwa, unadondoka, unakuwa vumbi. Vumbi linakaa kwenye jiko unalopikia. Na tone moja la maji likiangukia ndani, ile risasi inaruka juu usoni.

Bastola. Zile bastola za fataki za kizamani, kidonge kinakuwa kikubwa kidogo kuliko tundu lake makusudi. Ukikishindilia, tundu linakikwangua pembeni na kuacha kapete kembamba ka risasi, kanang'aa kama cha fedha. Kanaanguka mezani, kanaingia kwenye mfuko, kwenye pindo la suruali. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akikaona, nyie mnajua kanaenda wapi.

Kusafisha. Masizi ya baruti yanakula chuma haraka, kwa hiyo bunduki lazima isafishwe siku hiyo hiyo. Na dawa yake ni rahisi: maji ya moto na sabuni. Basi mtu anarudi jioni amechoka, anaangalia wapi kuna maji ya moto na nafasi ndefu. Bafuni! Kwenye beseni lile la kuogea. Kesho asubuhi mtoto amekaa humo anapiga maji na kunyonya kitambaa.

Nguo na gari. Anarudi na koti, viatu, mikono. Anamnyanyua mtoto kabla hajanawa, maana amemkumbuka. Upendo wenyewe ndo unaobeba.

8.
Sasa tufanyeje? Wengine mtasema "auze zote". Mimi sikubaliani, na si kwa sababu nazipenda tu. Nimefanya kazi na familia miaka ya kutosha kujua kwamba kitu kilichokatazwa ndani ya nyumba kinahamia gizani. Atayeyusha usiku mmelala. Bora kifanyike mchana, kwa masharti. Haya ndiyo ya kwetu, yachukueni kama yalivyo:

Kuyeyusha risasi hakufanyiki nyumbani kabisa mpaka mdogo wenu afike umri wa kwenda shule. Nunua vidonge vilivyo tayari. Hobi haipungui utamu wowote.

Bunduki inasafishwa nje au klabuni, kwa ndoo yake, brashi zake, vitambaa vyake. Ndoo ile haina kazi nyingine maishani. Beseni la kuogea na sinki la jikoni ni marufuku.

Viatu vinabaki mlangoni. Nguo za shabaha zinafuliwa peke yake. Mtu ananawa kwa sabuni na maji, anaoga, ndipo anabeba mtoto. Ile jeli ya kuua vijidudu haiondoi risasi, msidanganyike.

Meza na sakafu vinafutwa kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu unarusha vumbi. Mashine ya kufyonza vumbi isiyo na chujio maalumu inarusha pia.

Bunduki zimefungwa, baruti imefungwa, fataki zimefungwa, kila kimoja pake, funguo kwa watu wazima. Ikitundikwa ukutani kwa urembo, iwe imekaguliwa ni tupu na jiwe limetolewa.

Na mtoto anapimwa damu. Wenye Medicaid, kipimo hiki kinatakiwa mtoto akiwa na miezi 12 na tena 24. Omba. Ukiambiwa "hana haja", sema neno kwa neno: "Nyumbani tunashika risasi."

Akimeza kidonge au kipande cha risasi, usisubiri kitoke chenyewe. Piga kituo cha sumu, 1-800-222-1222, muda huo huo.

9.
Wenye mimba, hapa nawaongelea nyie peke yenu.

Risasi inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Na ile uliyoihifadhi mfupani miaka iliyopita inaweza kurudi kwenye damu wakati wa mimba na kunyonyesha, mwili unapotafuta kalsiamu. Kwa hiyo kama wewe ndiye mpigaji, pumzika. Shabaha haiendi popote. Kama unanyonyesha na una wasiwasi, usiache kunyonyesha kwa hofu tu. Pima kwanza, ongea na daktari.

Halafu masikio. Mlio wa bunduki nyingi unavuka desibeli 140, na mlio mmoja wa kiwango hicho unaweza kuumiza sikio moja kwa moja. Wewe unaweza kuziba masikio yako, lakini yule wa tumboni hana kizibo, sauti inamfikia kupitia mwili wako. Na mtoto mchanga kwenye kiti chake pembeni ya uwanja wa shabaha, hata kama amelala, hapaswi kuwepo. Picha itapendeza, najua. Achaneni nayo.

10.
Nyie mlioko nyumbani, Tanzania na Kenya, msiseme hii ni ya Wamarekani. Kwetu gobore halijawahi kuwa hobi, ni la kulinda shamba na kuwinda, na huko ni silaha kamili inayotaka leseni. Polisi wameomba watu wasalimishe magobore mara ngapi? Kama liko la babu kwenye dari, mambo niliyosema juu ya mtutu uliosahaulika ni ya kwenu pia. Msilikung'ute vumbi kuwaonyesha watoto.

Na ile risasi ya pili mnayo hata bila gobore. Mvuvi anayeyeyusha risasi za nyavu kwenye jiko la mkaa uani, fundi anayevunja betri za gari, ni vumbi lile lile kwenye mikono ile ile inayombeba mtoto.

11.
Namalizia na hoja ninayoisikia zaidi: "Watu walifanya hivi miaka mia mbili, mbona wajukuu wao wapo?"

Wapo, ndiyo. Lakini hakuna aliyewapima. Hatujui mtoto yupi darasani angekaa kitini dakika kumi zaidi, yupi angesoma kwa urahisi, yupi aliitwa mkaidi wakati damu yake ilikuwa inasema kitu kingine. Sisi kipimo tunacho, ni tone la damu na wiki moja ya kusubiri. Kuipenda historia siyo kurudia kila kitu walichofanya wa kale. Walikuwa hawajui. Sisi tunajua.

Kwa hiyo mama, usianze na ugomvi. Kaa naye jioni, muulize akuonyeshe inavyofanya kazi, atafurahi mpaka asahau chakula. Halafu muulize maswali matatu tu: hii inasafishwa wapi, nguo zinafuliwa na nini, na mtoto wetu alipimwa lini? Kama anaipenda hobi yake, atakuwa na majibu. Kama hana, mna kazi ya kufanya pamoja wikiendi hii, na kazi yenyewe inaanza na ndoo moja mpya.

Sehemu ijayo tunarudi kwenye uji.